Mchuuzi Asiyeuliza Barafu

Jina la kisiwa sitalitaja. Kiko kati ya Mafia na Kilwa, katika ule mkanda wa visiwa vidogo na mafungu ya mchanga ambavyo ramani za shuleni huvipa nukta moja moja, na vingine havipati hata nukta. Wenyeji hawakuniomba niwafiche. Hawakuniamini kiasi cha kuniomba kitu. Nimefuta majina kwa hiari yangu, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asitambulikane.

Kilichonipeleka ni baruti. Uvuvi wa kulipua samaki umepigwa marufuku Tanzania tangu sheria ya mwaka 1970, lakini miaka nenda miaka rudi pwani hii imeendelea kutikisika. Walionituma walitaka kujua vilipuzi vinapitia mikono ya nani. Tukakubaliana niende kama mnunuzi wa pweza: watu wa kila aina hununua pweza, na mnunuzi ana ruhusa ya kuulizauliza.

Ijumaa, Kivinje

Basi la Mbagala, Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, nikashuka Nangurukuru. Njiani jirani yangu wa kiti aliniuliza nakwenda kwa nani, akataka na ukoo wa huyo mtu. Tangu mauaji yaliyowaandama viongozi wa vijiji na askari katika ukanda wa Mkuranga, Kibiti na Rufiji, yakafika kilele mwaka 2017, mgeni kuhojiwa barabara hii si ufidhuli. Nilimjibu kwamba nakwenda kwa pweza. Hakucheka.

Kivinje ni mji mkongwe uliopauka, miti imejiotea juu ya kuta za majumba yaliyoachwa. Hapa ndipo Wajerumani walipowanyonga watu wa Maji Maji, na mahali penyewe hadi leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Sikukaa kuzungukazunguka. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, magunia, kamba na ndoo mbili, nikaanza kuulizia chombo.

Jumamosi. Maji mafu

Pwani ya Kivinje maji yakitoka hutoka kweli, hata siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, mashua zikabaki zimelala ubavu kwenye tope. Tulisubiri yajae, tukang'oa nanga saa tano asubuhi. Upepo wa kusi ulikuwa umeshalegea, kama kawaida ya Oktoba, na tanga lilikuwa likijaa na kulegea kadiri lilivyotaka. Mashua ilibeba mchele, sukari, dumu za mafuta, kitanda cha bibi harusi na mimi.

Nahodha hakunisemesha mpaka tulipouacha mlango wa bandari. Ndipo akauliza, macho yake kwenye tanga, "Unanunulia kiwanda au soko?"

"Soko. Feri, Dar es Salaam."

"Feri kwa nani?"

Nilikuwa na jina nililoandaliwa. Akalisikiliza, akageuza usukani kidogo, asiseme tena. Nilijipongeza. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na shemeji yake palepale Feri, na kwamba kisiwa hicho, kisicho na barabara, zahanati wala umeme wa gridi, kina mtandao wa simu kwenye kilima kimoja nyuma ya msikiti. Jina langu lilipanda kilima jioni ileile.

Tuliposhuka, watu waliokuja kupokea kitanda cha bibi harusi walikuwa wengi. Mimi nilipokewa na mwenyekiti peke yake, na daftari la wageni. Nikasoma waliotangulia juu ya mstari wangu: bwana samaki, watu wa chanjo, watu wa sensa ya 2022, mtu wa hifadhi, mafundi wa mnara wa simu. Kwenye safu ya shughuli nikaandika "Biashara".

"Andika biashara ya nini," mwenyekiti akasema. "Wote huandika biashara."

Nikaongeza pweza. Akanipa chumba kwenye banda la uani kwake, akanionyesha kisima cha kuogea, ambacho maji yake yana chumvi, na pipa la maji ya mvua ya kunywa, ambalo lina kufuli.

Jumapili

Baraza ya wanaume iko chini ya mkungu karibu na mashua zilizopandishwa. Kutwa nzima nilikaribishwa vizuri sana: "Karibu, kaa, kunywa chai." Nilipokuwa nakaribia nilisikia mazungumzo ya nyavu na deni la mtu. Nilipokaa yakawa ya Simba na Yanga. Nikaondoka, nikarudi baada ya saa nzima, wakawa bado wako kwenye penalti ya msimu uliopita. Sijawahi kuona mahali pazuri pa kufichia maneno kuliko Simba na Yanga.

Kwenye kona ya baraza huketi mtu mwenye mkono mmoja. Hushona nyavu kwa mkono huo, meno, na kidole gumba cha mguu anachokitumia kuvuta uzi. Kasi yake inawashinda wenye mikono miwili. Hakuna aliyenieleza mkono ulikwenda wapi, na kwa pwani hii swali lenyewe ni la kijinga.

Watoto ndio waliosema wazi kile ambacho wakubwa walikificha. Nilipotoka kuoga walinifuata kwa mbali wakiimba "mumiani, mumiani", na mmoja akadai kwamba ndoo zangu mbili ni za kutilia damu. Mama yake akamkaripia, lakini hakumwita arudi mpaka nilipopita. Hadithi ya mumiani, mtu anayefika kuchukua damu ya watu na kuiuza, imezunguka Afrika Mashariki tangu enzi za wakoloni. Wasomi wa mjini huitaja kama ujinga. Mimi nilikuwa nimeingia kisiwani kwa jina la uongo, nina ndoo mbili, nimekuja kuchukua kitu chao nikakipeleke kwa watu wasiowajua. Sikuona kwamba watoto wale wamekosea sana.

Jumatatu

Hakuna kitu. Upepo umekufa. Nilinunua pweza wawili kwa bei niliyotajiwa, na mke wa mwenyekiti akanisaidia kuwaanika. Nimeandika rangi na namba za mashua nne.

Jumanne

Ilikuwa kama saa moja na nusu asubuhi, bahari imelala. Nilikuwa barazani na kikombe mkononi. Mshindo haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango mzito unaofungwa nyumba ya tatu, isipokuwa huu ulipandia kwenye nyayo. Baada ya kitambo ukafuata wa pili.

Mshona nyavu aliacha uzi umening'inia menoni. Mzee mmoja akasema "Laa haula" kwa sauti ya chini. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakasimama. Kisha, na hili nimelifikiria sana tangu siku ile, hakuna aliyetazama baharini. Wote walinitazama mimi.

Nikanywa chai yangu. Nikauliza kama chapati bado zipo.

Nimezaliwa Tanga, utotoni tulihesabu milipuko kutoka darasani, na kwa muda mrefu nilidhani utulivu huo ni silaha. Barazani hawakusema neno. Chapati nikaletewa.

Mchana ngalawa mbili zilirudi kutoka upande wa mafungu. Vijana waliokuwa ndani sikuwahi kuwaona barazani, na samaki wao hawakupita barazani vilevile. Walibebwa moja kwa moja hadi kwenye mashua ya yule ambaye kisiwa kizima humwita Tajiri. Mwenyewe haishi hapo. Ana karani, kijana mpole mwenye daftari, na lile daftari ndilo serikali halisi ya kisiwa: ndani yake mna injini, nyavu, mafuta, mchele wa mfungo, karo ya mtoto aliye bweni Kilwa Masoko. Anayekopa hapo humuuzia Tajiri kila anachovua kwa bei ya Tajiri, na deni haliishi kwa sababu halikukopeshwa liishe.

Jumatano

Asubuhi karani alikuwa akipakia. Nilisogea kama mchuuzi yeyote, nikamchukua kibua mmoja na kumpitishia dole gumba mgongoni. Ndivyo anavyotambuliwa samaki wa baruti. Kwa nje anang'aa, macho mazuri, lakini mgongo umevunjika, damu imevilia kando ya uti, na nyama ni tepe kabla ya wakati wake. Mlipuko hupasua kile kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, ndiyo maana wengi huzama, na wazamiaji huwafuata chini. Waliobaki huozea huko. Kibua wangu alikuwa amevunjika sehemu mbili.

Nilimrudisha rundoni taratibu. Karani alikuwa amekwisha kuona kidole kilipopita. Akafunga daftari, akatabasamu, akaniuliza nitaondoka lini. Adhuhuri mashua yake ikaelekea bara, na yeye ndani.

Jioni nilikwenda kumwamkia bibi mmoja ambaye wanawake wote wa pweza humsikiliza. Mumewe alikuwa nahodha, amekufa maji. Alikuwa kibarazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Pweza umepata?"

Nikamweleza kwamba nasubiri bamvua, maji yakitoka sana nitanunua wengi. Akasuka mistari kadhaa.

"Barafu utaitoa wapi?"

Nilinyamaza muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa.

"Maana," akaendelea bila kuinua kichwa, "tangu umekuja hujauliza barafu. Wachuuzi wa pweza wakishuka mashuani, kabla ya salamu huuliza barafu. Wewe hukuja na deli. Ukatajiwa bei ya kumcheka mtu, ukalipa. Jana ukasikia ule mshindo. Mtu asiyejua angeuliza ni nini. Anayejua angetukana. Wewe ukanywa chai."

Nikamwambia kwamba nilikuja kuangalia kwanza hali ya mzigo, barafu nitaleta safari ijayo. Lilikuwa jibu zuri, na hata yeye alilikubali kuwa zuri. Kisha akasema kesho wanawake wanakwenda mwambani, nikitaka kuuona huo mzigo unakotoka, nivae viatu vya kufunga.

Alhamisi. Bamvua inaingia

Tulianza kutembea saa mbili na nusu, maji yakiwa bado magotini, ili tufike ukingoni yakikauka. Wanawake kumi hivi, wasichana watatu, kila mmoja na chuma chake na mfuko. Mimi nilibeba mizani, maana nilishapewa sehemu hiyo ya mchezo nami nikaendelea nayo.

Sijui namna ya kueleza jicho la yule bibi. Anapita juu ya mwamba ambao kwangu wote ni mmoja, anasimama, anaonyesha kwa chuma: vijiwe vitatu na ganda la chaza vimepangwa mlangoni mwa tundu. Pweza hula ndani na kutupa nje, taka zake ndizo zinazomsaliti. Chuma kinaingia, kinachokoa, kinasubiri, mkono unafuata, kichwa kinageuzwa ndani nje kwa kidole, na kazi imekwisha. Kwenye tundu moja alichungulia, akapita. Nilipouliza, akasema yule ni mama, yuko juu ya mayai. Jike hukaa akilinda mayai yake bila kula, na yanapoanguliwa hufa. Wasichana walimwacha vilevile. Mdogo mmoja ambaye hakufika nusu kilo, uzito wa chini unaoruhusiwa kisheria, alitupwa majini huku bibi akininong'oneza kwamba wako watakaomchukua kesho, lakini si yeye.

Tukafika mahali mwamba unapokatika. Sipendi maneno makubwa, kwa hiyo nitasema tu nilichokiona: duara la kifusi, vipande vya matumbawe vyenye urefu wa kidole, vimelala juu ya vingine, hakuna samaki, hakuna mwani wa maana. Kando yake duara jingine. Nikakanyaga, vikaserereka. Hapo ndipo penye ubaya wa baruti ambao mtu wa mjini haujui. Samaki waliokufa asubuhi moja wanaweza kurudi. Lakini kifusi hakitulii. Kila wimbi hukisukuma, na tumbawe changa haliwezi kuota juu ya kitu kinachotembea.

"Hili la lini?" nikauliza.

"Mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Sasa ananyonyesha."

Akalizunguka bila kukanyaga. Wote walizunguka.

Nilirudi chumbani nimechoka. Mkoba wangu ulikuwa palepale, umefungwa vizuri kuliko nilivyoufunga. Daftari langu lilikuwa chini ya nguo kama kawaida, ila limegeuzwa. Nikalifungua kurasa za Jumatatu. Pale nilipoandika bei ya pweza wangu wawili, mtu alikuwa amekata tarakimu yangu kwa mstari mmoja wa kalamu ya risasi na kuandika kando bei ya haki.

Alhamisi, usiku

Mwenyekiti alikuja kunichukua baada ya isha. Hakusema kikao, alisema "wazee wanakuita kahawa". Uani kwa imamu walikuwapo wanaume saba, mshona nyavu akiwamo. Yule bibi alikaa mlangoni na wanawake wawili nyuma yake. Kulikuwa na msichana aliyemaliza kidato cha nne, na daftari langu lilikuwa mapajani mwake. Nilikuwa sijagundua hata kwamba limetoka tena.

Wakaniuliza jina. Nikawapa la kweli. Nahodha akatikisa kichwa, akaniambia jina lile la Feri lilikwisha kufa tangu Jumamosi usiku.

Wakamwambia msichana asome. Akasoma yote, kwa sauti ya darasani, bila kuruka. Akasoma rangi za mashua. Akasoma kuhusu karani na deni. Akasoma pia niliyoandika usiku wa kwanza kwamba mwenyekiti hufungia maji ya mvua kwa kufuli na kupima sukari kwa jicho la mashaka, na hapo kicheko kikawatoka watu wote isipokuwa mwenyekiti na mimi. Mzee mmoja akaomba mstari huo urudiwe. Nadhani mstari ule ulinisaidia kuliko kitambulisho chochote. Mtu wa serikali, imamu alisema baadaye, asingeandika habari ya sukari.

Kisha mwenyekiti, bado amenuna kidogo, akaniambia kwa nini hawapendi madaftari. Alikuja mmoja, mtu mstaarabu, akahesabu nyavu nyumba kwa nyumba, akasema ni utafiti. Msimu uliofuata nyavu zilichomwa ufukweni. Akaja mwingine na boti ya kupimia, akakaa siku mbili, akaagana kwa heri. Ikaja barua kwamba fungu walilovulia babu zao sasa lina masharti. Wanajua Mafia imekuwa na hifadhi ya bahari tangu 1995, wana ndugu huko, na hawasemi kwamba hifadhi ni mbaya. Baadhi yao walisema ni nzuri. Wanachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza akiwa amejitaja jina lake.

"Gesi ya Songosongo," akaongeza mzee mwingine, "inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Tunaiona taa yake usiku. Nayo ilianza na watu wa madaftari."

Nikauliza swali nililotumwa kuuliza. Nililiuliza wazi, kwa kuwa la kuficha halikuwapo tena: kwa nini mnawaficha wapiga baruti, na mwamba ni wenu?

Kimya. Ndipo mshona nyavu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

"Chupa ya baruti nilipewa pamoja na deni, siku moja. Aliyenipa ana mikono yote miwili."

Hakuendelea. Bibi ndiye aliyemalizia kutoka mlangoni. Waliowahi kufungwa kutoka kisiwa hiki, akasema, wote ni wazamiaji na watupaji, watoto wa humu humu, naye anawajua mama zao kwa sababu huenda nao mwambani. Hajafungwa aliyeleta. Baruti haizaliwi baharini. Imetengenezwa kwa ajili ya machimbo na barabara, imepakiwa gari, imepita vizuizi vyote nilivyovipita mimi, ikafika ufukweni ikiwa imeshalipiwa. Nikiwapeleka wale vijana wanne wa ngalawa, kesho kutwa watapatikana wanne wengine, kwa sababu daftari la Tajiri lina majina mengi. Yeye bibi atakuwa amewapoteza wajukuu na mwamba vilevile.

"Unatafuta baruti," akasema, "umeiruka njiani ukaja kuitafutia huku mwisho."

Ukurasa wenye namba za mashua msichana aliuchana, akampa mshona nyavu. Akautia juu ya chimni ya taa mpaka ukashika moto. Mengine yote nikarudishiwa, pamoja na kalamu.

Ijumaa

Nilidhani nitaondoka alfajiri. Nahodha akasema chombo hakitoki kabla ya swala, na baada ya swala akasema hakitoki mpaka kesho. Sababu nikaiona saa kumi: wanawake wakaja uani kwa mwenyekiti na mifuko yao, mmoja mmoja, wakapanga mstari. Bibi akiwa mbele.

"Ulisema unasubiri bamvua," akasema. "Bamvua hii."

Nikaanza kueleza. Akaniinulia mizani yangu mwenyewe, akaining'iniza kwenye tawi la mwarobaini. Daftari la wageni lilikuwa hapo, limefunguliwa kwenye mstari wangu: biashara ya pweza. Msichana wa kidato cha nne ndiye aliyeandika uzito. Bei ilikuwa ile aliyoniandikia kwa kalamu ya risasi, na safari hii hakuna aliyeniuliza kama naikubali.

Zilifika kilo arobaini na kitu. Hela za walionituma, za malazi na usafiri na "dharura", ziliishia pale. Mashua ya Tajiri ilikuwa imerudi na barafu, na karani akaniuzia vipande kwa bei ambayo hata mwenyekiti aliona haya. Deli niliazimwa kwa nahodha, kwa masharti.

Usiku nilipata ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Pipa la maji ya mvua halikuwa na kufuli.

Jumamosi, Kivinje

Tulitoka na maji ya alfajiri. Upepo wa nchi kavu ulitubeba hadi jua lilipochomoza, kisha ukakata, na wakati tunafika Kivinje bahari ilikuwa imeondoka. Nahodha akatia nanga mbali, akaniashiria tope. Tukashusha deli, tukaibeba watu wawili, tukizama mpaka magotini, huku maji ya barafu yakinitiririkia mgongoni. Njiani simu ikapata mtandao. Mmoja wa walionituma alitaka majina. Nikamwambia naleta barabara: aanze na maghala ya vilipuzi ya machimbo na kandarasi, nani anasaini kutoa, nani anahesabu kilichobaki. Akasema hilo ni kubwa mno kwa bajeti yao, si ningempa hata mashua moja ya kuanzia? Nikamjibu mikono yangu imejaa, na ilikuwa kweli.

Dalali aliwapiga pweza mnada juu ya turubai. Wachuuzi watatu walizunguka, wakawabonyeza, wakawanusa, wakanitazama mimi zaidi ya pweza. Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa fedha kiunoni akataja bei. Ilikuwa chini ya niliyolipa. Nikamwambia hapana. Akapandisha kidogo, nikakataa tena, nikamuuliza deli zake ziko wapi na barafu ya kuwafikisha Nangurukuru anayo, maana pweza wangu hawakusafiri usiku kucha ili waje wageuke rangi hapa. Akacheka, akaongeza. Bado nilipata hasara, ya shilingi elfu moja na mia tano kila kilo.

Alipokuwa anahesabu noti akaniuliza wazuri hivi wametoka wapi.

"Kisiwani."

"Kisiwa gani? Na mimi niende nikachukue."

Nikamuuliza Yanga kesho wanacheza na nani.